Kigeuzi kimoja, sehemu nne: sauti igawiwe ndani ya kompyuta

Swali: Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya wageni ya ghorofa tatu Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tumenunua kigeuzi kimoja cha sauti cha USB chenye matundu manane ya kutolea, tukitaka kila sehemu iwe na muziki wake: mapokezi, ua wa ndani, duka letu la kanga na viungo, na mgahawa wa juu ya paa. Siku nyengine, kama Sikukuu au kukiwa na harusi, tunataka nyumba nzima isikie kitu kimoja. Amplifaya zote zimeungwa, lakini muziki unatoka mapokezi tu, kwengine kimya. Fundi mmoja katwambia tununue kompyuta nne, mwengine kasema tutafute mikisa kubwa. Laptopu tuliyonayo ni ya zamani kidogo. Tufanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Usinunue kompyuta nne, na hiyo mikisa iache dukani. Chombo ulichonacho kinaweza kazi yote uliyoitaja, na kwa unavyoeleza sioni dalili kuwa ni kibovu. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia kompyuta muziki upi uende tundu lipi.

Programu ya kuchezea muziki inatoa chaneli mbili, kushoto na kulia. Kompyuta inazipokea na kuzipeleka tundu la 1 na la 2, kwa sababu ndio mazoea yake, na matundu sita yaliyobaki hayapewi kitu. Kigeuzi chenyewe hakijui mapokezi wala paa. Kinachukua namba zinazokuja kwa waya wa USB, chaneli kwa chaneli, na kuzigeuza kuwa umeme unaoweza kuingia kwenye amplifaya. Kilichoandikwa chaneli ya 5 kitatoka tundu la 5, basi. Kwa hiyo ugawaji wote ufanyeni ndani ya kompyuta, kabla sauti haijafika kwenye kigeuzi. Ikishatoka hapo iwe ni waya, amplifaya na spika tu. Ukienda kwa mikisa utakuwa unatoa chaneli mbili zile zile na kuzigawa baadaye, kila pahala pasikie wimbo mmoja, na matundu sita uliyoyalipia yabaki na vumbi.

Kabla ya yote, kigeuze chombo utazame mgongo wake. Vyengine huandikwa "nane" kwenye boksi lakini mbili kati ya hizo nane ni za dijitali, zinatoka pamoja kwenye tundu moja, na hizo huwezi kuzitia kwenye amplifaya ya kawaida. Tundu la hedifoni nalo mara nyingi hurudia tu chaneli ya 1 na ya 2. Hesabu matundu ya jeki kubwa yenye namba ubavuni, hayo ndiyo yako. Nitachukulia kuwa yapo manane kweli.

Sasa swali ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo kubwa: stirio (kushoto na kulia mbali mbali) au mono (chaneli moja tu)? Matundu manane ni sehemu nne za stirio, au sehemu nane za mono. Watu husikia "mono" wakadhani ni kurudi nyuma. Kwa muziki wa kumsindikiza mtu anapokula au anapongoja ufunguo wa chumba, mono ndiyo sahihi, na nitakuonyesha kwa nini. Chukua taarabu iliyorekodiwa kwa stirio, ganuni imewekwa upande wa kushoto, fidla upande wa kulia, mwimbaji katikati. Spika moja iko mlango wa jikoni, ya pili iko kwenye ukingo unaotazama bahari. Mgeni aliyekaa karibu na mlango wa jikoni anapata ganuni na nusu ya mwimbaji. Aliyekaa ukingoni anapata fidla, na pale ganuni inapochukua nafasi yake peke yake, yeye anahisi kama muziki umekatika, anamwangalia mhudumu. Stirio inamfaa mtu mmoja aliyekaa katikati ya spika mbili. Mgahawani hakuna mtu huyo.

Kwa hiyo changanyeni kushoto na kulia, kila moja kwa nusu ya nguvu yake ili jumla isizidi kiwango na kukwaruza, kisha mpeleke mchanganyiko huo tundu moja. Rekodi za zamani hazitapoteza hata kidogo. Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay kuanzia 1928 zilikuwa za chaneli moja tangu mwanzo. Ila rekodi chache za kisasa zilizotiwa upana wa bandia huwa nyembamba zikichanganywa hivi, kwa hiyo sikilizeni kwanza, na wimbo unaopwaya uondoeni kwenye orodha.

Lakini mchanganyiko huo ufanyeni kwenye programu. Msichukue waya wa Y, ule wenye ncha mbili upande mmoja na moja upande wa pili, mkaunganisha tundu la 1 na la 2 kuingia mlango mmoja wa amplifaya. Matundu mawili ya kutolea yakiungwa pamoja yanasukumana, kila moja linajaribu kulilazimisha jenzake volti yake, sauti inaharibika na chombo kinaweza kuumia. Kinyume chake hakina tatizo: tundu moja la kutolea linaweza kulisha amplifaya mbili au tatu kwa waya wa Y, maana mlango wa amplifaya huwa na ukinzani wa maelfu ya omu na hauvuti karibu chochote.

Mpango ninaokupa ni huu. Tundu la 1 mapokezi, la 2 ua, la 3 duka. Paa lipewe la 4 na la 5, yote mawili mono, moja kwa meza za ukingoni na moja kwa meza za ndani karibu na jiko, ili kila upande upandishwe na kushushwa peke yake. Upepo wa kusi ukivuma, ukingoni hapasikiki kitu wakati ndani panatosha. La 6 likae akiba, siku mtakayofungua chumba cha masaji au maktaba. La 7 na la 8 msiunge popote. Matumizi yake nitayasema mwisho.

Tuje kwenye programu. Kama laptopu yenu ni ya Windows, pakia draiva ya mtengenezaji wa kigeuzi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na chombo hicho, kisha fungua orodha ya vyombo vya sauti. Vigeuzi vingi hujitokeza hapo kama vyombo vinne tofauti: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8. Ikiwa chenu ni hivyo, mnaweza kupata sauti ya majaribio leo leo. Tangu Windows 10 ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2018, kila programu inaweza kupewa chombo chake cha kutolea kwenye mipangilio ya sauti. Fungueni programu nne za muziki, kila moja mpeni jozi yake. Windows 10 na 11 zina pia swichi ya mono, iwasheni, na kila jozi itatoa kitu kile kile kwenye matundu yake yote mawili. Kwa njia hii mtakuwa na sehemu nne tu, na mpango wangu wa matundu hautafuatwa, lakini mtasikia ua na paa vikiamka.

Njia hiyo inakwama siku ya harusi. Programu moja inapewa chombo kimoja, na Windows inaviona hivyo vinne kama vitu visivyohusiana. Kupeleka wimbo mmoja pote kunataka programu ya studio inayotumia ASIO, aina ya draiva ya kazi za studio, nayo kwa kawaida hukamata kigeuzi chote na kuzifungia nje programu nyengine. Inawezekana, lakini mhudumu wa zamu ya usiku hawezi kuachiwa kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo kwa nyumba ya biashara napendekeza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaokaa pahala pa Windows, na napendekeza kwa moyo mmoja. Humo kuna PipeWire, mfumo wa sauti unaokuruhusu kuunga programu yoyote na chaneli yoyote, na programu moja na chaneli nyingi. Kwenye mipangilio ya kigeuzi chagua wasifu wa sauti ya kitaalamu, ule unaotoa chaneli zote nane wazi, bila ya kuziita "mbele" na "nyuma" kama za sinema. Hili ni muhimu. Ukiyabakisha majina ya sinema, mfumo mmoja unaweza kuhesabu chaneli ya tatu na ya nne kuwa za nyuma, mwengine ukazihesabu kuwa ya katikati na ya besi, ukashangaa muziki wa duka unatokea uani. Baada ya hapo tengeneza vitoleo vya kubuni, uvipe majina ya nyumbani kwenu: Mapokezi, Ua, Duka, Paa. Kila kimoja kinapokea stirio, kinaichanganya, na kuipeleka tundu lake; cha Paa kinaipeleka kwenye mawili, la 4 na la 5.

Mchezaji wa muziki awe MPD, programu isiyo na dirisha, inayokaa kimya ndani ya kompyuta na kuamriwa kwa simu. Fungua nakala moja kwa kila sehemu. Ya kwanza inasikiliza kwenye mlango namba 6600 (si tundu la waya, ni namba ambayo simu huitumia kuifikia kwa mtandao), ambao ndio wake wa kawaida. Nyengine zipe 6601, 6602 na 6603. Zote zinasoma folda moja ya nyimbo. Kwenye simu ya mapokezi unaweka programu ya kuziongoza, unachagua "Ua", unabadilisha wimbo wa uani bila ya kumgusa mtu wa paa. Kisha fungua nakala ya tano, 6604, uipe jina Nyumba Nzima, na uiunge na matundu yote matano. Siku ya Sikukuu unazisimamisha nne, unaiwasha ya tano.

Hapo ndipo kigeuzi kimoja kinaposhinda kompyuta nne. Kila kigeuzi kina fuwele ndani yake inayohesabu mwendo wa sauti, mathalan sampuli (vipande vya kipimo cha sauti) 48,000 kwa sekunde. Hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, jambo la kawaida kwa vyombo vya bei ndogo, basi kila dakika zinaachana kwa milisekunde 3, na baada ya saa moja ni milisekunde 180. Mtu aliyesimama kwenye ngazi, anayesikia ua na paa kwa pamoja, atasikia kila neno mara mbili. Ni sawa na kuwaweka wapigaji wane wa dumbak vyumba vinne, kila mmoja na mwendo wake, ukataraji wamalize pamoja. Kigeuzi chenu kina fuwele moja kwa matundu yote manane. Kilichoanza pamoja kitabaki pamoja hadi alfajiri.

Umbali una kuchelewa kwake pia, na huo haumalizwi na fuwele. Katika joto letu sauti inakwenda kiasi cha mita 349 kwa sekunde, karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Sauti ya paa ikishuka mita 12 hadi uani inafika imechelewa milisekunde 34 au zaidi. Sikio huvumilia mpaka karibu na hapo. Ikizidi sana, hasa kwenye maneno na ngoma, mwangwi unajitokeza. Mnaweza kuichelewesha chaneli ya ua ndani ya PipeWire ili zilingane, lakini mimi ningeshughulika kwanza na spika za paa: zielekezwe chini kwenye meza, ziwe nyingi na ndogo, zipigwe kwa sauti ya chini. Pahala pa wazi, kila umbali unapozidi maradufu sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Spika moja kubwa inayomfikia vizuri mtu wa mita 8 inampigia aliye mita 1 kwa desibeli 18 zaidi, naye hawezi kusemezana na mwenzake. Spika sita ndogo zilizotawanywa humaliza tatizo hilo, na jirani wa nyumba ya pili hatakuja kugonga mlango.

Sasa nguvu ya sauti inayotoka kwenye kigeuzi. Vigeuzi vya studio hutoa kiwango cha kitaalamu, volti 1.23 kwa sauti ya wastani. Amplifaya za nyumbani, zile za waya wa RCA, zimetengenezwa kwa volti 0.316, karibu robo yake. Ukiunga hivi hivi, amplifaya inazidiwa mlangoni na sauti inakwaruza hata kitufe chake kikiwa chini, watu wakadhani spika zimepasuka. Angalia kama kigeuzi kina swichi au mpangilio wa +4 na −10. Kama kipo, chagua −10 kwa amplifaya za nyumbani. Kama hakipo, shusha desibeli 12 kwenye programu. Kwa kigeuzi cha biti 24 kushusha hivyo hakuharibu kitu cha kusikika. Kisha pangeni amplifaya mara moja kwa wote: wekeni muziki kwenye programu robo tatu ya juu, fungueni kitufe cha amplifaya taratibu hadi sauti ifike mwisho wa mnachotaka kusikia pahala hapo, halafu kizibeni kwa utepe. Mfanyakazi atapunguza kwa simu na hataweza kupandisha zaidi ya hapo.

Waya kutoka kigeuzi hadi amplifaya ziwe za balansi, zenye nyuzi mbili na ngao, kama amplifaya inazipokea. Zinaweza kwenda makumi ya mita bila ya kuokota mngurumo. Waya wa USB hauna uvumilivu huo. Kwa USB 2.0 mwisho ni mita 5, kwa hiyo kompyuta na kigeuzi vikae kabati moja.

Kuhusu spika, hapa ndipo pesa nyingi hupotea Mji Mkongwe, kwa sababu nyumba zetu ni ndefu na kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, karibu nusu mita kwa unene. Bluetooth haipiti hapo, waifai inapita kwa tabu, na hivyo waya lazima. Tuseme kutoka kabati la mapokezi hadi paa ni mita 30. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kiasi cha omu 0.7. Spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba ni omu 4. Ukizisukumia wati 60, wati 10 na zaidi zinaishia kupasha waya moto ngazini. Ukiongeza spika mbili nyengine ziwe nne, unafika omu 2, na amplifaya nyingi hapo zinajizima zenyewe au zinaungua.

Kwa paa na ua tumieni amplifaya ya laini ya volti 100, ile ya misikitini na viwanja vya ndege, na spika zenye transfoma ndogo ndani. Wati 60 kwa volti 100 ni mkondo wa ampea 0.6 tu, na waya ule ule utapoteza robo ya wati. Kila spika ina kitufe cha kuchagua wati; jumlisha zote, na jumla isizidi asilimia 80 ya uwezo wa amplifaya. Spika sita za wati 10 ni 60, basi amplifaya ya wati 100 inatosha na inabaki na nafasi. Spika ya kawaida ya omu 8 isiyo na transfoma usiiunge kamwe kwenye laini hiyo. Mapokezi na duka, ambako waya ni mita chache, amplifaya ya kawaida inatosha.

Waya zipandisheni kwenye ngazi au kandokando ya boriti, mbali na waya za umeme kwa sentimita 30 hivi, na pale lazima zikutane zikatizane kwa pembe mraba. Msichimbe ukuta wa matumbawe mkauziba kwa saruji. Saruji inazuia ukuta kupumua, unyevu unabaki ndani na plasta inabanduka. Na kama spika au bomba la waya litaonekana upande wa nje, kwanza mpate ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe.

Paa lenu linatazama bahari, kwa hiyo nikwambie kitu ninachokiona tena na tena. Spika ya paa inaanza kukatika-katika, watu wanaagiza mpya. Ukifungua kifuniko cha nyuma, spika yenyewe nzima. Kwenye skrubu mbili za kuungia kuna unga wa kijani, na ukivuta waya kidogo unakatika kwa vidole, nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi ndani ya plastiki kwa urefu wa kidole. Chumvi imeingia kupitia ncha iliyoachwa wazi na kupanda ndani ya waya. Tumieni waya wa shaba iliyopakwa bati, ncha zitiwe bati au zibanwe kwa kofia za chuma, kila kiungo kikae ndani ya kisanduku cha plastiki kisichopenya maji, na waya uingie kisanduku kutokea chini, ukiwa umepinda, ili maji ya masika yadondoke kabla ya kufika. Skrubu na vishikio viwe vya chuma kisichoshika kutu. Kila kabla ya masika, mtu apande na bisibisi.

Adhana. Nyinyi mpo Malindi, Msikiti wa Mnara mnausikia vizuri, na muziki wa mgahawa ukiendelea juu ya adhana ni aibu kwa nyumba nzima. Kwa kuwa sehemu zote zinatoka kompyuta moja, amri moja inaweza kushusha zote polepole kwa sekunde tano na kuzirudisha baadaye. Iwekeni kama kitufe kwenye simu ya mapokezi. Msitegemee saa iliyopangwa mara moja kwa mwaka mzima. Adhuhuri ya Zanzibar inahama karibu nusu saa, mapema kabisa mwanzo wa Novemba na kuchelewa kabisa katikati ya Februari. Kama mnataka ijiendeshe, kompyuta isomeshwe jedwali la nyakati za sala la kila siku, na kitufe kibaki vile vile. Mchana wa Ramadhani, nakala za ua na duka zizimwe kabisa.

Umeme. Chomekeni kompyuta, kigeuzi na amplifaya zote kwenye saketi moja yenye ethi. Mkisikia mngurumo mzito wa herzi 50, sababu karibu kila mara ni ethi mbili zinazokutana kupitia waya wa sauti, na dawa ni waya wa balansi au transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kati ya kigeuzi na amplifaya. Fundi akitaka kukata pini ya ethi kwenye plagi, mwambie asante na umlipe nauli aende. Kwenye paa lenye unyevu pini hiyo ndiyo inayomwokoa mhudumu.

Umeme ukikatika na kurudi, hatari ni mshindo. Kigeuzi kinapowaka hutoa mpigo, na amplifaya ikiwa imeshawaka inaupeleka wote kwenye spika. Kigeuzi kinatakiwa kiwake mwanzo na amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume. Vipo vifaa maalumu vya kupanga zamu hiyo, lakini kuna kitu rahisi mnacho jikoni. Kompyuta na kigeuzi viwekeni kwenye betri ya akiba ya kompyuta. Amplifaya zipitisheni kwenye kilinda volti cha friji, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Ukikatika, amplifaya zinakufa papo hapo na kigeuzi kinabaki hai kwa betri. Ukirudi, amplifaya zinawaka mwisho bila ya mtu kukumbuka. Tazameni tu ampea zilizoandikwa juu ya kilinda hicho: cha ampea 5 kinabeba kiasi cha wati 1,150 na si zaidi.

Nyimbo zenyewe wekeni kama mafaili ndani ya kompyuta. Akaunti ya kusikiliza muziki mtandaoni kwa kawaida hukubali sehemu moja kwa wakati mmoja, na masharti yake ni ya matumizi binafsi. Kuwapigia wateja muziki ni matumizi ya hadhara, kwa hiyo nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mkaulize leseni ya nyumba yenu. Wasanii wetu wanastahiki kulipwa kwa wimbo unaouza chakula cha mtu mwengine.

Kuhusu laptopu ya zamani, inatosha. Chaneli nane za biti 24 kwa sampuli 48,000 ni megabiti 9.2 kwa sekunde, na USB 2.0 ina uwezo wa 480. Itieni diski ya SSD, iacheni kwa kazi hii moja, mzime ile tabia yake ya kulala ikifunikwa. Na sasa lile tundu la 7 na la 8: wekeni hilo kuwa chaguo la kawaida la kompyuta, ili milio yake ya ujumbe na taarifa za kusasisha iende huko ambako hakuna spika, na wageni wa paa wasiisikie. Siku mkitaka kujaribu orodha mpya ya nyimbo kabla ya kuipeleka uani, chomekeni spika ndogo yenye umeme wake kwenye tundu la 7 hapo hapo kabatini, msikilize, kisha muichomoe.